Sizoni ya pili ya 1899 haipo, fundi, na hakuna aliyeificha

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Kijana wa library aliniwekea kwenye flashi tamthilia inaitwa 1899, iliyotafsiriwa na DJ. Niliipenda kwa sababu ya ile meli, maana babu yangu mzaa mama alifanya kazi chumba cha mashine cha Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, na nimekulia kwenye hizo hadithi. Niliimaliza usiku mmoja. Mwishoni yule dada anaamka, kumbe yuko kwenye chombo cha angani, halafu basi, imekatika. Nimemrudia yule kijana mara tatu anipe sizoni ya pili. Mara ya kwanza akasema bado haijatoka. Mara ya pili akaniuzia faili limeandikwa 1899 S02, kufungua nakuta muvi nyingine kabisa ya meli. Mara ya tatu akaniambia nisihangaike, imefungiwa kwa sababu ilikuwa inatoa siri za Freemason, ndiyo maana ile pembetatu iko kila mahali. Ni kweli? Mtu anawezaje kuanza hadithi asiimalize? Halafu nikwambie ukweli, tangu siku ile kuna usiku silali, najiuliza kama na sisi tumo ndani ya kompyuta ya mtu. Mke wangu anasema muvi zimenichanganya."

Marahaba, fundi. Nikupe jibu fupi kwanza ili usipeleke tena hela yako library: sizoni ya pili ya 1899 haikutengenezwa. Sizoni ya kwanza ilikuwa na sehemu 8, zote zikatoka siku moja, tarehe 17 Novemba 2022, kwenye Netflix. Tarehe 2 Januari 2023, Baran bo Odar, mmoja wa wawili walioibuni, akatangaza kwenye Instagram kwamba haitaendelea. Ni siku 46 tu tangu itoke. Kwa hiyo faili lolote lililoandikwa S02 limebandikwa jina, na zile treila za sizoni ya pili utakazokutana nazo YouTube zimeungwaungwa na mashabiki kwa kuokoteza picha za sizoni ya kwanza na za muvi nyingine. Yule kijana akurudishie hela ya lile faili. La kusema "bado haijatoka" msamehe, huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Hili la Freemason sasa. Nchini kwetu msanii akinunua gari ni Freemason, mwenye bucha akipandisha ghorofa ni Freemason, na tamthilia ikikatika ghafla lazima nayo wawe wameikata wao. Ile pembetatu uliiona vizuri, na jicho lako la ufundi halikukosea: iko kwenye mazulia, kwenye vikombe, kwenye hereni. Lakini itazame tena. Imegeuzwa, ncha chini, na ina mstari unaoikata katikati. Hiyo ni alama ya zamani ya wanaalkemia, wale watu wa Ulaya waliohangaika miaka na miaka kutafuta namna ya kugeuza madini ya kawaida yawe dhahabu. Kwao ilimaanisha ardhi, mojawapo ya asili nne pamoja na maji, moto na hewa. Watunzi waliitawanya kila kona makusudi ili mtazamaji makini ashtuke: mbona meli nzima ina chapa moja, kana kwamba imetoka kwenye karakana ya mtu mmoja? Na mwishoni unagundua kweli imetoka kwenye karakana moja. Basi ni dokezo la hadithi. Tena kama kuna mkubwa aliyeogopa siri kutoka, angeondoa na hizo sehemu 8. Zilibaki palepale baada ya tangazo, na mwenye akaunti aliendelea kuzitazama.

Swali lako la msingi ni lile jingine, la mtu kuanza hadithi asiimalize. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanadhani tamthilia inakatwa kwa kuwa mbaya, au kwa kuwa watunzi wameishiwa. Hawa hawakuishiwa. Bo Odar na mwenzake Jantje Friese walikuwa wameipanga iende sizoni tatu, kama walivyofanya kwenye tamthilia yao ya kabla, Dark, iliyoanza 2017 na kufungwa 2020 ikiwa na sehemu 26 na kila fundo limefunguliwa. Mwisho wa 1899 walikuwa nao. Walichokosa ni ruhusa na fedha za kufika huko.

Chukua boti ya hapo kwenu. Mwenye boti haangalii kama abiria wa jana walifurahia safari. Anaangalia petroli iliyokwenda, nauli iliyoingia, na kama kesho watu wale wale watarudi. Televisheni ya zamani ya Marekani ilifanya hesabu hiyo kwa matangazo ya biashara: watu wengi mbele ya runinga saa fulani, basi mwenye sabuni analipa zaidi. Ndiyo maana tamthilia zao zilikuwa na sehemu ishirini na zaidi kwa mwaka, na zikikaribia sehemu mia ziliuzwa upya kwa vituo vidogo virudierudie kila jioni, na faida ya kweli ilikuwa huko. Mfumo huo uliwafanya watunzi wavute hadithi kama mpira hata pale ilipokwisha. Pengine umewahi kuziona: staringi amekufa mara nne, amefufuka mara tano.

Netflix haiuzi tamthilia moja moja. Inauza kiingilio cha mwezi. Kwa hiyo swali lao kuhusu 1899 lilikuwa hili: imeleta wanachama wapya wangapi, imewazuia wangapi wasiondoke, na kati ya walioanza sehemu ya kwanza, wangapi wamefika ya nane? Hilo la mwisho ndilo linalowaua wengi. Watu wengi waliifungua wiki ya kwanza, ikawa juu kwenye orodha za nchi nyingi. Lakini ni hadithi nzito, inakwenda taratibu, inakunyima majibu hadi mwisho, na wapo waliochoka njiani wakashuka. Na petroli yake ilikuwa nyingi. Ilikuwa miongoni mwa tamthilia za gharama kubwa kuwahi kutengenezwa Ujerumani. Mwezi huohuo wa Januari 2023, mmoja wa wakuu wa Netflix, Ted Sarandos, alijitetea kwenye mahojiano kwamba hawajawahi kukata tamthilia iliyofanikiwa, na kwamba nyingi ya zilizokatwa zilikuwa na nia njema ila zilizungumza na watu wachache kwa bajeti kubwa. Unaweza kukasirika, na mimi nilikasirika, ila siri yote iko hapo.

Kwa nini ilikuwa ghali? Ile bahari uliyoiona, fundi, nyingi yake haikuwa maji. Waliipiga studio ya Babelsberg, karibu na Berlin, ndani ya ukumbi wenye ukuta wa skrini za LED uliopinda kama pipa lililokatwa robo, kwenda juu kama mita 7, na sakafu inayozunguka. Mawingu, mawimbi na upeo wa macho vinaoneshwa kwenye ule ukuta, mwigizaji anasimama kwenye kipande cha sitaha mbele yake, na kamera ikisogea, picha ya nyuma nayo inasogea kwa hesabu ya kompyuta ili jicho lidanganyike. Wewe uliyekulia mbele ya ziwa sijui kama uligundua. Tazama maji yanapogonga ubavu wa meli: mara nyingi hutayaona, wanakuonesha watu na anga.

Nikuambie na la kuuma kidogo. Wewe uliyeimaliza usiku mmoja, na wenzako wote waliokopi flashi kwa flashi kutoka Ujiji mpaka Kasulu, hamkuhesabiwa. Kwenye ile hesabu ya walioanza na waliomaliza, Kigoma nzima ya library ni sifuri. Sikusemi; najua bando lilivyo na najua si kila nyumba ina kadi ya kulipia vitu vya nje. Ila usije ukashangaa kwa nini kitu unachoona kila mtu mtaani anakizungumzia kinaambiwa hakina watazamaji.

Lakini kuna jambo ambalo library ilikunyima kubwa kuliko sizoni ya pili, na hukuliuliza kwa sababu huwezi kujua umenyimwa. Umeniambia uliitazama ikiwa imetafsiriwa na DJ.

Mimi ni mpenzi wa muvi za kutafsiriwa tangu enzi za kanda za VHS za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Ni sanaa yetu, na DJ mzuri anaweza kuifanya muvi ya hovyo ikawa tamu. Kwa muvi ya ngumi hupotezi kitu. Kwa 1899 unapoteza roho yake. Kwenye ile meli watu hawaelewani. Nahodha Eyk ni Mjerumani. Maura, yule daktari, anazungumza Kiingereza. Kuna familia ya Wadenmaki kule chini daraja la tatu, kuna Wafaransa, Mhispania, Mreno, na yule binti aliyevaa Kijapani kumbe ni Mchina. Na kila mmoja anazungumza lugha yake kweli. Ukiwa na sauti ya asili unasikia watu wakipigiana kelele kwenye korido na hakuna anayemwelewa mwenzake, hofu inapanda kwa sababu hiyo, mpaka watu wanaanza kuuana kwa kitu ambacho sentensi moja ingekimaliza.

Mchukue Olek, yule kijana wa Kipolandi wa chumba cha makaa. Nadhani ulimpenda, kwa sababu ya babu yako. Kuna mahali yuko na Ling Yi, yule binti wa Kichina. Yeye anaongea Kipolandi, binti anajibu Kikantoni. Hakuna hata neno moja linalovuka. Wanaeleweshana kwa macho, kwa mikono, kwa kunyamaza. Sasa DJ akija juu yake kwa sauti moja ya kiume akasema "akamwambia usiogope nipo, dada akasema asante kaka", ameshaua tukio. Amewapa lugha watu ambao uzuri wao wote ni kwamba hawana lugha. Usidhani ni sisi tu. Toleo lenye sauti za Kiingereza mwanzo mwisho lipo pia, na waliolitazama huko Uingereza na Marekani walipoteza hichohicho. Wewe wa Kigoma ungeielewa meli ile kuliko wao. Umesimama bandarini umesikia Kiha, Kirundi, Kibembe na Kifaransa cha Kalemie kwa wakati mmoja, mtu anapatana bei ya dagaa kwa vidole.

Kwa hiyo ukienda library safari hii, usimwombe sizoni ya pili. Mwambie akutafutie sizoni ya kwanza ileile, isiyotafsiriwa, sauti ya asili, yenye sabutaito. Sabutaito itakuwa ya Kiingereza, na kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, simamisha kila unapokwama. Muvi hii inavumilia kusimamishwa.

Itarudi siku moja? Sitakupa matumaini ya uongo, ila kukatwa si lazima iwe kaburi. Star Trek ya Marekani ilianza 1966, ikawa na watazamaji wachache, na mashabiki wakaandika barua nyingi hadi kituo kikaipa sizoni ya tatu. Ikakatwa 1969 ikiwa na sehemu 79. Marudio kwenye vituo vidogo ndiyo yaliyokuja kuipa jina, na hadi leo inazaa watoto na wajukuu. Doctor Who ya Uingereza, iliyoanza 1963, ilisimamishwa 1989 na ikarudi 2005. Sense8 ya Netflix hiyohiyo ilikatwa 2017, mashabiki wakapiga kelele, mwaka uliofuata wakapewa sehemu moja ndefu ya kufungia hadithi.

Na wewe ndiye mtu wa mwisho wa kuelezwa habari ya kuzamishwa na kuibuliwa. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja vipande vipande hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya hapo mafundi wakazipaka mashine grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikawa inabeba abiria tena kwa jina hili tunalolijua. Ile grisi ndiyo iliyofanya yote. Kwa tamthilia, grisi ni hadithi yenyewe kuwa imeshapangwa kichwani mwa watunzi hadi mwisho. 1899 inayo hiyo. Adui wake ni waigizaji wanaozeeka, na ukumbi na mavazi ambayo hayatangoja. Mimi nisingekaa nikisubiri.

Kama unataka kitu kitakachoisha, jifunze kuuliza kabla ya kulipa: imefungwa au bado inaendelea? Wakorea ndio salama zaidi kwako. Kwa kawaida wao huagiza hadithi nzima kwa mkupuo mmoja, mara nyingi sehemu 16, na mwandishi mara nyingi ni mmoja tangu mwanzo. Goblin, ya askari wa kale asiyeweza kufa mpaka apate bibi harusi wa kumchomoa upanga kifuani, ilianza Desemba 2016 na Januari 2017 ikawa imeisha, sehemu 16. My Love from the Star, ya kiumbe wa sayari nyingine aliyeshuka Korea mwaka 1609 na bado yupo Seoul ya leo, ina 21. Mke wako atazipenda zote mbili, na hutalala ukiwaza pembetatu. Ukitaka za Kiafrika, tafuta Kizazi Moto ya 2023, katuni fupi 10 za wakati ujao kutoka nchi mbalimbali za bara letu. Kila moja inaanza na kuisha yenyewe. Dark nayo imeisha, na ni bora kuliko 1899 kwa maoni yangu, ila usiiguse bila daftari. Kuna mtu humo ambaye ni mama wa mama yake mwenyewe, na hilo DJ hawezi kukuokoa.

Sasa usingizi wako. Swali la kama tumo ndani ya kompyuta halikuanza na 1899. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliandika hoja hiyo kwa urefu 2003, na Plato alishaulizia jambo linalofanana nalo zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, kwa mfano wa wafungwa waliofungwa pangoni wakidhani vivuli ukutani ndiyo dunia. Watu wenye akili timamu wamelizungusha kichwani na wakaenda kula. Nawe ulilipata usiku, peke yako, baada ya saa nane mfululizo za skrini, kwenye hadithi iliyokatwa makusudi ikiwa juu kabisa. Kichwa hakipendi hesabu isiyofungwa; kinairudia kitandani. Mara nyingi hupoa ukijua hadithi ilikuwa inaelekea wapi. Maura alikuwa kwenye programu ndani ya chombo kiitwacho Prometheus, mwaka 2099, pamoja na abiria wengine waliolala, na kaka yake Ciaran ndiye aliyeiteka programu. Sizoni zilizobaki pengine zingekuwa za kumtafuta huyo kaka na sababu yake. Na usitazame tena zaidi ya sehemu mbili kwa usiku.

Lakini nisikilize hapa. Kuwaza swali ni jambo moja. Kama usingizi unakukimbia zaidi ya wiki mbili, au mchana ukiwa kazini unahisi vitu na watu si vya kweli, au unapata fikra kwamba kuna anayekuendesha, au unaanza kukwepa kushika mashine kwa sababu mikono haionekani kama yako, hiyo haihusiani na tamthilia wala haiponywi na jibu langu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Maweni, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na uende na mkeo. Ameona mabadiliko ambayo wewe huyaoni. Usianze na mganga, na usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kujiandikia mwenyewe.

Kama ni lile swali tu la usiku, basi mwite mkeo mkae pamoja, sauti ya asili, sehemu ya kwanza. Mkifika kwa Olek na yule binti, ziba sabutaito kwa kiganja na umuulize mkeo wanaambiana nini.